Mvua Inapofunga Njia ya Kitulo

Makambako ni mji wa njia panda na mji wa upepo. Barabara kuu iendayo Zambia inapita hapo, reli ya TAZARA inapita hapo, nayo barabara ya Njombe na Songea inaanzia hapo. Kwa sababu hiyo, mengi yanayolimwa upande ule wa nyanda za juu hufika Makambako kwanza, yakiwa ndani ya gunia, tenga au ndoo. Tuliposhuka kwenye basi tulikuta viazi mviringo vimeshindiliwa magunia mpaka vikachomoza juu na kufungiwa kofia ya kamba. Ndiyo lumbesa, ambayo serikali huikataza mwaka hadi mwaka, na mkulima huivumilia kwa kuwa mwenye lori ndiye mwenye kauli. Kando ya magunia kulikuwa na njegere, maharage, mayai kwenye trei, kabichi kubwa kubwa, maparachichi, na dagaa wa Ziwa Nyasa. Mwenzetu mmoja aliyatazama yote hayo akasema, "Mtoto wa huku akikosa mashavu, basi ni uvivu wa mama yake."

Hatumlaumu, maana macho yake yaliona kweli. Njombe ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi yetu, na kwa viazi mviringo ni miongoni mwa inayoongoza. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa Njombe walio chini ya miaka mitano, kama 50 wamedumaa. Maana yake ni wafupi kuliko umri wao unavyodai, kwa sababu ya kukosa lishe ifaayo kwa muda mrefu na kuugua mara kwa mara. Kwa nchi nzima hesabu ilikuwa 30 katika 100. Utafiti uliotangulia, wa 2015 hadi 2016, ulikuwa umekuta 49 kwa Njombe na 34 kwa nchi nzima. Nchi imeteremka kidogo. Njombe imebaki pale pale.

Inawezekanaje nyumba yenye magunia ya chakula ikalea mtoto aliyedumaa? Swali hilo ndilo tulilopanda nalo Kitulo. Tulichagua kwenda mwezi wa Februari, katikati ya mvua, kwa kuwa tuliambiwa huo ndio wakati watu hukaa ndani, na sisi tulitaka kuona nyumba inavyokula inapokuwa haina pa kwenda.

Njia ya kupanda

Makambako hadi Njombe ni kilometa kama 60, lami tupu. Njiani ni misindano na miwati, kisha mashamba ya chai. Miwati ile si mti wa asili ya huku. Ililetwa kwa ajili ya magamba yake, ambayo hutumika kutengenezea ngozi, na kampuni ya TANWAT imekuwa ikiishughulikia tangu mwaka 1949. Leo kuni na mkaa wake ndio unaopasha moto majiko mengi ya Njombe. Mjini watu husalimiana "Kamwene!" huku mikono imefichwa ndani ya kitenge, na sweta ni vazi la mchana kama ilivyo kanga kule Tanga.

Kutoka Njombe kwenda Makete ni kilometa zaidi ya 100. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kuombewa kabla ya kuondoka, hasa masika, kwa jinsi utelezi ulivyokuwa. Sasa lami imefika Makete, na pamoja nayo zimefika biskuti, soda na mikate ya mifuko. Lakini lami haipandi hadi kila kijiji. Ukiacha barabara kubwa ukaelekea uwandani, unarudi kwenye udongo mwekundu unaogeuka sabuni mvua ikinyesha. Wanaopanda kutoka upande wa Chimala kwenda Matamba nao wana mlima wao, uitwao Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake, na dereva anayeujua vizuri hazungumzi na abiria mpaka aumalize.

Uwanda wenyewe uko kwenye mwinuko wa meta kama 2,600 juu ya usawa wa bahari. Hakuna miti mingi; ni majani mafupi yanayoyumba, vijito vya maji baridi, na mwezi huo wa Februari, maua. Wenyeji waliuita Bustani ya Mungu kabla hajaja mtaalamu yeyote na daftari lake. Wataalamu walipokuja walihesabu aina 350 na zaidi za mimea, na kati ya hizo aina 45 ni za okidi. Mwaka 2005 Kitulo ikawa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Mahali pengine watu hulipa ili waone simba. Hapa wanalipa ili wapige magoti mbele ya ua.

Baadhi ya maua hayo yalikuwa na historia ya jikoni, na inahusu safari yetu. Okidi nyingi za Kitulo zina kiazi kidogo chini ya ardhi. Nchini Zambia viazi hivyo hukaushwa, husagwa, huchanganywa na unga wa karanga, magadi na pilipili, kisha hupikwa mpaka vikagandamana na kukatwa vipande kama nyama. Huitwa chikanda. Katika miaka ya 1990 mahitaji yalikuwa makubwa hata nyanda zetu za kusini zikaanza kuchimbwa, na ilikadiriwa kwamba mamilioni ya viazi hivyo vilivuka mpaka kila mwaka. Bibi mmoja tuliyemkuta alituambia kwamba kwake havikuwa chakula. Vilikuwa chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Alichimba, akauza, akarudi nyumbani kupika viazi mviringo. Tuliiweka habari hiyo moyoni, maana baadaye tuliikuta tena katika vitu vingine.

Siku nne jikoni

Tulifikia kijiji kimoja nje ya hifadhi, nyumbani kwa mama ambaye alitukaribisha kwa moyo kuliko tulivyostahili. Jioni hiyo mvua ilianza, na kwa siku nne hakuna gari lililopanda wala kushuka. Basi tukapata kile tulichokitafuta, kwa wingi kuliko tulivyotaka.

Maisha ya Kitulo wakati wa mvua ni maisha ya jikoni. Jiko limejengwa peke yake, lina mafiga matatu katikati na dari ya mianzi juu ya moto, ambako mahindi ya mbegu hukaa katika moshi yasiliwe na wadudu. Watu wote huingia humo: bibi, mama, watoto, mbwa, na kuku wawili watatu wanaoona kwamba nje hakufai. Moto hauzimwi. (Hapa tuseme neno moja kwa wanaokaa nyumba za mjini: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani wakati wa kulala hata baridi ikiwa kali namna gani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na wako waliolala wasiamke.)

Siku ya pili, kwa kuwa hatukuwa na kazi nyingine, tulianza kuhesabu. Asubuhi ilikuwa viazi vya kuchemsha na maganda yake, pamoja na chai ya rangi. Saa nne, viazi vilivyochomwa kwenye majivu moto. Mchana ugali kwa kabichi. Alasiri viazi tena, vilivyobaki vya asubuhi, vimepashwa moto. Usiku ugali na sukuma wiki. Na katikati ya hivyo vyote kulikuwa na kudonoa: mtoto akipita karibu na majivu anachomoa kiazi, anakipuliza, anakula nusu, nusu anampa mdogo wake. Katika nyumba hiyo kulikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Kwa siku ile moja tulimwona na kiazi mkononi mara saba. Hakulia njaa hata mara moja. Kila alipofungua kinywa kulikuwa na cha kuweka.

Jambo hilo lilitufumbua macho. Tulikwenda tukidhani tutaona sahani ndogo. Sahani ilikuwa kubwa, tena ilijaa mara nyingi, lakini ilijaa kitu kimoja. Kiazi si chakula kibaya, tusije tukaeleweka vibaya. Kina vitamini C, kinashibisha, kinapikika kwa urahisi. Ila kiazi kizima cha gramu 150 kina protini kama gramu 3 tu, na mafuta karibu hakuna, wakati yai moja lina protini kama gramu 6. Tumbo la mtoto mchanga wa kilo 8 hubeba kama kikombe kimoja kwa mara moja. Kikombe hicho kikijaa kiazi au uji mwepesi, hakuna nafasi ya kingine. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku vyakula vya makundi matano angalau kati ya manane, na maziwa ya mama yamo katika hesabu. Mtoto wetu wa jikoni, siku ile, alipata kundi la viazi na nafaka, alionja mboga za majani, na alinyonya. Hapo tunafika matatu.

Chai nayo ina lake. Wakati wa baridi kila mtu hupewa chai ya rangi, hata mtoto, ili apate joto. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usichukue madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Mtoto anapata joto la nusu saa na kupungukiwa damu pole pole.

Tulimwuliza bibi wa nyumba ile kama zamani walikula hivyo hivyo. Alicheka. Alisema wakati wa usichana wake ulezi ulikuwa mwingi kuliko sasa, uji wake ulikuwa mzito, na viazi vilikuwa chakula miongoni mwa vyakula. Mahindi huko juu hukaa shambani miezi minane na zaidi kwa sababu ya baridi, kwa hiyo mvua zinapokolea, ghala la mwaka jana linakuwa limeanza kuonyesha sakafu. Kiazi ndicho kinachookoa, maana hukomaa upesi na unaweza kukiacha ardhini ukakichimba kadiri unavyohitaji. Zamani kulikuwa na mboga za majani zilizokaushwa na kutundikwa darini kwa ajili ya siku hizo. Tulitazama juu. Palikuwa na mahindi ya mbegu tu. "Siku hizi kuna duka," bibi akasema.

Kukaa nyumbani kuna faida yake

Haifai kuandika kana kwamba mvua ni adui. Siku ya tatu mama mwenyeji wetu alitueleza jambo ambalo hatukulitarajia. Kwake, wakati wa hatari kwa mtoto mdogo ni ule wa jua, njia zinapokuwa kavu. Wakati huo yeye huondoka alfajiri kwenda shambani au kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni yanayolimwa kiangazi, na hurudi jioni. Mtoto huachwa na dada yake wa miaka minane pamoja na kikombe cha uji. Uji hupoa, dada naye ni mtoto, anacheza. Mvua ikinyesha, mama yupo. Mtoto ananyonya anapotaka, analishwa kwa mkono, akikataa anabembelezwa. Kwa hiyo siku za kufungiwa ndani zina kitu ambacho siku za kazi hazina, nacho ni muda wa mama. Kinachokosekana ni cha kuweka katika muda huo.

Tulizungumza juu ya mwaka 2020. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona, na za msingi na sekondari zikafunguliwa 29 Juni. Nchi yetu haikufungia watu majumbani kama walivyofanya wengine. Uganda shule zilianza kufungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2022. Hata hivyo miezi mitatu na nusu ya watoto wote nyumbani ilitosha kufundisha kila mama hesabu mpya. Mwenyeji wetu alisema gunia la mahindi lililozoea kumaliza mwezi na nusu lilikwisha kwa mwezi mmoja. Watoto wakubwa walikula kila walipoona moto. Tena kule shuleni, wazazi huchanga mahindi na maharage, na mchana wanafunzi hula makande. Nyumbani makande yalihitaji kuni za nusu siku, kwa hiyo mchana ukawa wa viazi. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikadiria kwamba mwaka ule watoto wapatao milioni 370 duniani walikosa chakula cha shuleni. Ulaya nako waliofungiwa ndani walioka mikate hata unga na hamira zikaadimika madukani. Mtu aliyekaa ndani, awe wa Roma au wa Makete, huelekea kwenye unga, sukari na kitu cha moto, naye huwa na njaa ambayo nusu yake ni kuchoka kukaa.

Mama yule alikuwa na njia yake ya kutambua njaa ya kweli. Mtoto akiomba chakula alimpa kazi ndogo kwanza, kuleta kuni mbili au kukusanya mayai. Aliyekuwa na njaa alirudi mbio akakumbusha. Aliyekuwa amechoka tu alisahau huko huko. Tuliijaribu nyumbani kwetu tuliporudi, na kwa watoto wa miaka mitano na kuendelea inafaa sana. Kwa mtoto mdogo haifai, yeye alishwe kwa saa.

Maziwa yaliyoshindwa kushuka

Siku ya nne tuliona jambo ambalo kwetu ndilo jibu la swali tulilopanda nalo, au sehemu yake kubwa.

Kitulo ni nchi ya maziwa. Kuna shamba kubwa la mifugo la serikali, ambalo lilianza na kondoo wa sufu kabla ya kugeukia ng'ombe wa maziwa, na baridi ya huko huwapendeza ng'ombe wa kizungu kuliko joto la pwani. Njombe mjini kilianzishwa kiwanda kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la CEFA, kilichotengeneza hata jibini za namna ya kwao. Vijijini wako akina mama wengi wenye ng'ombe mmoja au wawili. Mwenyeji wetu alikuwa na mmoja. Siku za kawaida maziwa ya asubuhi yote huondoka kwa pikipiki, na ya jioni hugawanywa: kidogo hubaki kwa chai ya mgeni au ya baba akiwepo.

Siku zile pikipiki haikuja. Siku ya kwanza na ya pili mama alisubiri, akayagandisha. Siku ya tatu vibuyu vilijaa. Siku ya nne alisema, "Basi tunyweni." Watoto walikula viazi kwa mtindi. Uji ulipikwa kwa maziwa. Njegere zilizokuwa zimechumwa kwa ajili ya soko zilianza kukauka, nazo zikaingia chunguni pamoja na viazi, na kwa kuwa mayai yalikuwa yamefika trei mbili bila mnunuzi, sita yalichemshwa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu siku hiyo alifikisha makundi sita. Hakuna aliyekuwa amenunua kitu.

Tukawa tunatazamana. Sahani nzuri kuliko zote tulizoziona Kitulo ilitoka kwenye matope ya barabarani. Jua likiwaka, maziwa yangeteremka, njegere zingeteremka, mayai yangekwenda Makambako, na chunguni kingebaki kile kisichotaka haraka. Ni habari ile ile ya bibi na mizizi ya maua: chenye thamani huondoka, chenye kushibisha hubaki.

Hatusemi watu wasiuze. Maziwa yale ni ada, ni madawa, ni mabati. Mama mwenyewe alituambia, wala hakuhitaji kufundishwa na wageni, kwamba mwezi asiouza maziwa ni mwezi wa kukopa chumvi. Tatizo ni kwamba katika nyumba nyingi uamuzi wa nini kiuzwe na nini kibaki haukufanywa na mtu yeyote. Kinauzwa chote kwa kuwa mnunuzi amekuja na chombo chake, na chombo hujazwa. Mara nyingine mwenye neno la mwisho hayupo. Wakinga ni wafanyabiashara wanaojulikana nchi nzima. Baba yuko dukani Makambako, Mbeya au Kariakoo, anauliza kwa simu trei ngapi zimepelekwa. Haulizi mtoto amekula mangapi, na si kwa ubaya. Hakuna aliyewahi kuliweka swali hilo katika hesabu.

Tulikutana na mama mwingine, jirani, ambaye alikuwa ameliweka. Mtoto wake wa tatu alipopimwa kliniki na kuonekana mfupi, muuguzi alimweleza kwamba siku 1,000 za kwanza, kuanzia mimba hadi miaka miwili, ndizo zinazojenga urefu na akili, na kwamba kinachopotea hapo hurudi kwa shida. Alirudi akazungumza na mumewe jioni moja wakiwa wamekaa motoni, bila ugomvi. Walikubaliana mambo mawili. Kuku mmoja, mweusi, akawa kuku wa mtoto. Mayai yake hayaingii kwenye trei hata mnunuzi aongeze bei. Na kabla ya maziwa kumiminwa kwenye ndoo ya pikipiki, kikombe kimoja huchotwa kwanza. "Kwanza," alisisitiza, "si kwa kubaki. Ukisubiri kinachobaki hakibaki." Kwa kipimo chake, kuku mmoja na kikombe kimoja hakikuifilisi nyumba. Mume alinung'unika mwezi wa kwanza, kisha akasahau.

Mama huyo huyo alikuwa amerudisha desturi ya bibi ya kukausha mboga. Alichemsha majani ya maboga na ya kunde kwa muda mfupi, akayaanika kivulini, akayatundika darini yakiwa yamefungwa vifurushi. Alikuwa na parachichi mbili nyuma ya nyumba, ambazo wengi siku hizi hupanda kwa ajili ya kusafirishwa nje; yale yenye madoa ambayo mnunuzi huyakataa, yeye huyaponda kwa mtoto. Mafuta yale ndiyo hasa kiazi kinayokosa.

Jioni ya mwisho alituonyesha anavyopika chakula cha mtoto wake mdogo, wa miezi tisa, na akaturuhusu tuwaandikie. Anachukua viazi viwili vyenye ukubwa wa yai, visivyo na rangi ya kijani, maana kiazi cha kijani kina sumu na hakifai kwa mtoto wala kwa mkubwa. Anavimenya, anavikatakata na kuvichemsha pamoja na konzi moja ya njegere mbichi, kwa maji machache. Zikilainika kabisa anaziponda kwa mwiko na kupitisha katika chujio ili maganda ya njegere yabaki. Anarudisha motoni, anatia maziwa robo kikombe yaliyokwisha kuchemshwa, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti, au badala yake nusu ya parachichi lililopondwa baada ya kuepua. Chumvi haihitajiki. Siku ambayo kuku mweusi ametaga, anaongeza yai lililochemshwa mpaka likawa gumu, nalo amelisaga kwa uma. Kipimo chake cha uzito ni kijiko: ukikiinua, chakula kisimwagike upesi kama uji wa kunywa. Mtoto hunyonya kwanza kama kawaida, maana maziwa ya ng'ombe hayachukui nafasi ya maziwa ya mama, kisha hulishwa hicho mara tatu kwa siku, kwenye bakuli lake peke yake, ili ijulikane amekula kiasi gani na kilichobaki ni cha nani.